Jinsi ya Kujiandaa kwa Vasaloppet, Kilomita 90 za Theluji kutoka Sälen hadi Mora

Jumapili ya kwanza ya Machi, saa mbili asubuhi, maelfu ya watu huondoka kwa pamoja katika uwanja wa kijiji cha Berga, karibu na Sälen, magharibi mwa jimbo la Dalarna nchini Uswidi. Wote wamefunga skii, yaani mbao ndefu na nyembamba za kutelezea juu ya theluji, miguuni na wanaelekea mji wa Mora, kilomita 90 upande wa kusini mashariki. Mashindano hayo huitwa Vasaloppet, na nafasi zake, takriban 15,800, huchukuliwa kwa kiasi kikubwa na watu wa kawaida: walimu, mafundi, wauguzi, wastaafu na wanafunzi. Mwongozo huu ni kwa msomaji aliyekulia mahali pasipo na theluji, ambaye sasa anaishi Uswidi, Norwe au Ufini, na ambaye kila mwaka huwatazama watu hao kwenye televisheni akijiuliza kama na yeye anaweza. Anaweza, mradi awe na mwaka mzima wa kujiandaa na akubali kwamba majira yake ya baridi ya kwanza ni ya kujifunza kuteleza, wala si ya kutafuta kasi.

Sababu ya kusisitiza jambo hilo inaonekana wazi katika historia ya Philip Boit wa Kenya. Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mtu mwenye pumzi na miguu ambayo wengi wetu hatutaipata kamwe. Alianza kujifunza skii nchini Ufini mwaka 1996, na mwaka 1998 akashiriki Olimpiki ya Nagano katika mbio za kilomita 10 za mtindo wa asilia, ule ambao skii huenda sambamba ndani ya mifereji. Bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 24, na Boit akafika wa mwisho kwa dakika 47 na sekunde 25. Dæhlie alimsubiri kwenye mstari akamkumbatia, na baadaye Boit akampa mwanawe jina la bingwa huyo. Alirudi tena kwenye Olimpiki za 2002 na 2006. Kinachotuhusu hapa ni zile dakika ishirini. Hazikutokana na udhaifu wa mapafu, bali zilitokana na ukweli kwamba kuteleza juu ya mguu mmoja ni ujuzi unaojengwa kwa miaka, na wapinzani wake walianza kuujenga wakiwa watoto wadogo. Anayejiandaa kwa kukimbia tu, akiamini kwamba pumzi zitamfikisha, atachoka kabla ya nusu ya njia, kwa kuwa kila hatua itamgharimu nguvu maradufu.

Inafaa pia kujua njia hii ilitoka wapi, kwa sababu wenyeji huipa uzito mkubwa. Katika majira ya baridi ya 1520 na 1521, Gustav Eriksson Vasa, kijana wa ukoo wa makabaila, alikuwa akiwakimbia watu wa mfalme Christian wa Pili wa Denmark. Alifika Mora akawaomba wanaume wa huko waasi pamoja naye, wakasitasita, naye akashika njia ya kuelekea Norwe. Simulizi inasema kwamba baadaye walibadili mawazo, wakawatuma watelezaji wao wawili walio hodari, ambao walimkuta Sälen wakamrudisha. Mwaka 1523 akawa mfalme wa Uswidi. Mashindano ya kwanza ya kukumbuka safari hiyo yalifanyika mwaka 1922 na kushindwa na Ernst Alm, kijana wa miaka 22. Mwaka uliofuata Margit Nordin akawa mwanamke wa kwanza kumaliza, lakini kuanzia 1924 wanawake walizuiwa, na hawakuruhusiwa tena rasmi hadi 1981. Binti yeyote anayejiandikisha leo anastahili kulijua jina la Nordin.

Kuchagua mbio zinazokufaa

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba Vasaloppet ni siku moja tu. Kwa hakika ni wiki nzima ya mashindano, yanayoendeshwa na klabu mbili za michezo, IFK Mora na Sälens IF, na ndani ya wiki hiyo kuna milango myepesi ya kuingilia. Kortvasan, ambayo sasa huitwa Vasaloppet 30, ni kilomita 30 kutoka Oxberg hadi Mora. Tjejvasan, iliyoanza mwaka 1988, ina urefu huohuo lakini ni ya wanawake peke yao, na msisimko wake ni wa namna ya pekee. Halvvasan, ambayo sasa huitwa Vasaloppet 45, ni kilomita 45. Öppet Spår ni kilomita 90 zilezile za Sälen hadi Mora, lakini hufanyika mapema zaidi katika wiki hiyo, bila msongamano wa kuanzia kwa pamoja.

Ushauri wangu ni kwamba mwaka wa kwanza uchague Kortvasan, Tjejvasan au Halvvasan, na mwaka wa pili ufanye Öppet Spår au Vasaloppet yenyewe. Mwenye haraka anaweza kuingia Öppet Spår katika mwaka wa kwanza, na wapo wanaofaulu, lakini mara nyingi ni watu waliopata theluji nyingi karibu na nyumbani na waliojitoa mazoezini mara tatu au nne kwa wiki. Kwa Vasaloppet ya Jumapili, nafasi zinaweza kuisha, na makundi ya kuanzia hupangwa kwa kuangalia matokeo yako katika mbio zinazotambuliwa. Asiye na matokeo yoyote huwekwa katika kundi la nyuma kabisa, na jambo hilo lina athari kubwa asubuhi ya mashindano, kama tutakavyoona.

Vifaa bila kufilisika

Usinunue vifaa vipya katika mwezi wa kwanza. Uswidi ina huduma inayoitwa Fritidsbanken, iliyoanzia Värmland mwaka 2013, ambayo huazima vifaa vya michezo bure kwa siku 14, na yeyote anaweza kuazima. Nenda huko, au kwenye maduka ya mitumba, ukapate skii za mtindo wa asilia, viatu na fimbo. Hakikisha viatu na vishikizo vya skii ni vya mfumo mmoja, kwa kuwa ipo mifumo zaidi ya mmoja na si yote inayoingiliana. Fimbo za mtindo wa asilia hufika karibu na bega, yaani takriban asilimia 83 ya urefu wa mwili.

Skii yenyewe huchaguliwa kwa uzito wa mtu kuliko urefu wake, na inafaa kuelewa kwa nini. Ukiiweka skii sakafuni utaona kwamba imepinda kidogo: ncha na mkia vinagusa chini, na sehemu ya katikati, chini ya kiatu, imeinuka. Ukisimama kwa miguu miwili, uzito hugawanyika na ile sehemu ya katikati hubaki juu ya theluji, kwa hiyo skii huteleza. Ukihamishia uzito wote kwenye mguu mmoja na kuukandamiza, sehemu hiyo hushuka ikashika theluji, nawe unapata mahali pa kujisukumia. Skii ngumu kupita uzito wako haitashuka, na kila mlima utakuwa wa kurudi nyuma. Skii laini mno itakuwa imeshika muda wote, na hutateleza. Muuzaji mzuri atakusimamisha juu ya jozi hiyo kwenye sakafu tambarare na kupitisha karatasi chini ya kiatu: ukisimama kwa miguu miwili karatasi isogee, na ukisimama kwa mmoja ikwame. Asiyejali kufanya kipimo hicho, mwache.

Sehemu hiyo ya katikati ndiyo inayopakwa nta ya kushika, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Theluji mpya na baridi kali huhitaji nta ngumu. Theluji iliyoyeyuka na kuganda tena, au iliyolowa, huhitaji klista, ambayo inanata kama gundi. Nta ikikosewa, skii itakusanya theluji chini yake hadi ushindwe kusogea, au itateleza nyuma mlimani. Kwa anayeanza, njia salama ni skii zenye vipande vya manyoya mafupi katikati, ambazo hazihitaji nta ya kushika. Hupunguza kasi kidogo, lakini hufanya kazi katika hali nyingi za hewa. Mabingwa wa leo wengi huacha kabisa nta ya kushika na kujisukuma kwa fimbo zote mbili tangu Sälen hadi Mora. Usiwaige, kwa sababu mikono na tumbo vya kufanya hivyo hujengwa kwa mazoezi ya muda mrefu sana.

Majira ya baridi ya kwanza

Anza kwenye njia tambarare iliyochongwa, yenye mifereji miwili ya skii, na uziache fimbo kando. Simama magoti yakiwa yamelegea, hamishia uzito wote kwenye mguu wa kulia, uuache uteleze hadi ukaribie kusimama, kisha hamia wa kushoto. Zoezi hili linaonekana dogo, lakini ndilo lenye thamani kuliko mengine yote. Mtu aliyezoea kukimbia huwa anakanyaga upesiupesi, na uzito wake hubaki katikati ya miguu miwili, hivyo hatelezi kamwe, bali anatembea tu na mbao miguuni. Jizoeze mpaka uweze kutulia juu ya mguu mmoja bila kuyumba, na hapo ndipo uchukue fimbo.

Baada ya hapo kuna mambo manne ya kujifunza. La kwanza ni hatua ya kupokezana, mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kwa milima ya kawaida. La pili ni kusukuma kwa fimbo zote mbili kwa pamoja, ukiinama kwa kiuno na kutumia uzito wa mwili badala ya misuli ya mikono peke yake. Katika njia ya Vasaloppet yenye sehemu nyingi tambarare na za kushuka taratibu, utatumia mtindo huu kwa saa nyingi. La tatu ni kupanda mlima mkali kwa kufungua ncha za skii nje, visigino vikiwa karibu. La nne ni breki, na hii ni kinyume chake: ncha zinakaribiana, mikia inapanuka, na kingo za ndani zinakwaruza theluji. Jifunze pia kutoa mguu mmoja nje ya mfereji ili kupunguza mwendo huku mwingine ukiwa bado ndani.

Na ujifunze kuanguka, kwa kuwa utaanguka. Ukiona mwendo umekuzidi, keti upande mmoja, usijaribu kujishika kwa mkono ulionyooka. Kuinuka kuna utaratibu wake: geuka kwa mgongo, inua skii zote mbili hewani uzipange sambamba, zirudishe chini upande mmoja zikiwa zimekata mteremko, piga goti, kisha simama. Asiyejua utaratibu huu hupoteza nguvu nyingi kwa kuhangaika na mbao zilizopishana.

Jiunge na klabu ya mtaa wako. Uswidi ina klabu za skii hata katika vitongoji vya miji mikubwa, na nyingi hufundisha watu wazima wanaoanza. Karibu na Stockholm kuna njia zenye theluji ya mashine Ågesta na Hellasgården. Göteborg kuna ukumbi wa ndani wenye theluji mwaka mzima, na Torsby, Värmland, kuna handaki la skii lenye urefu wa kilomita 1.3. Faida ya klabu haiishii kwenye mafunzo. Utapata mtu wa kukwambia nta ya leo ni ipi, utapata nafasi kwenye gari la kwenda mashindanoni, na utawajua majirani ambao usingewajua kwa njia nyingine yoyote. Mgeni katika nchi ya baridi akifika mazoezini kila Jumanne jioni gizani, hata akiwa wa mwisho, hupokelewa haraka kuliko anavyodhani.

Kiangazi kisikupite bure. Tembea mwendo wa kasi mlimani ukiwa na fimbo, imarisha tumbo, mgongo na mikono, na ukiweza tumia skii za magurudumu. Hizi hazina breki za kutegemewa, kwa hiyo anza kwenye eneo tambarare lisilo na magari, ukiwa umevaa kofia ngumu. Anayependa kukimbia anaweza hata kujipima kwenye njia yenyewe mwezi Agosti, kwa kuwa tangu 2014 kuna Ultravasan, mbio za miguu za kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora. Majira ya baridi ya pili yakifika, kusanya kilomita. Kwa maoni yangu, asiyefikisha angalau 300 juu ya theluji, pamoja na safari moja au mbili za saa nne mfululizo, asisimame Berga.

Mwili na baridi

Mavazi yaanze na tabaka la sufu au kitambaa cha michezo linalogusa ngozi, kisha tabaka jembamba linalozuia upepo. Pamba usivae hata kidogo, kwani hunyonya jasho na kubaki na unyevu, na ukisimama kwa dakika chache tu utatetemeka. Ukitoka nyumbani ukihisi baridi kidogo, umevaa sawasawa. Vaa kofia inayofunika masikio, glavu nyepesi, na uwe na nyingine kavu mfukoni. Baridi ikiwa kali, watelezaji wengi hubandika utepe wa michezo mashavuni na puani ili kuzuia ngozi isigande. Ngozi iliyoanza kuganda hupoteza hisia kwanza, na kwenye ngozi nyeusi mabadiliko ya rangi si rahisi kuyaona, kwa hiyo uguse uso wako mara kwa mara na umwombe mwenzako akutazame.

Mwenye pumu azungumze na daktari mapema, kwa sababu hewa baridi na kavu hubana njia za hewa. Mwenye ugonjwa wa selimundu anahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwani baridi, upungufu wa maji na uchovu mkubwa vinaweza kuamsha maumivu makali. Hali hii si ya kawaida kwa Waswidi wengi, hivyo makocha hawatakuuliza, na ni juu yako kuitaja.

Siku yenyewe

Lala Mora au Sälen ukiweza. Wengi hulala Mora na kupanda mabasi usiku wa manane kwenda kwenye uwanja wa kuanzia, kwa hiyo pata kifungua kinywa mapema na uvae nguo za ziada za kusubiria.

Muda mfupi baada ya kuondoka, njia hubanwa na kuanza kupanda mlima mrefu hadi zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Makundi ya nyuma husimama, husogea, na kusimama tena, na kuufikia mwisho wa mlima kunaweza kuchukua zaidi ya saa moja. Usijaribu kupenya. Fimbo nyingi huvunjika hapa kwa kukanyagwa, kwa hiyo zishike wima karibu na mwili, na ukae kwenye mstari uliouchagua. Muda uliopotea hapa hauwezi kurudishwa kwa hasira.

Baada ya kilele, ardhi inatulia na kupita kwenye vinamasi vilivyoganda, ambako upepo huwa mkali. Vituo vya njiani ni saba: Smågan, Mångsbodarna, Risberg, Evertsberg, Oxberg, Hökberg na Eldris. Kwenye vituo hivyo wanavijiji wanaojitolea wanakungoja na supu ya moto ya matunda madogo ya msituni, tamu na nzito, ambayo ndiyo alama ya mashindano haya. Kunywa katika kila kituo, tangu cha kwanza, hata kama huna njaa. Ongeza vikate vitamu, na mchuzi wa chumvi pale unapopatikana. Kila kituo kina saa yake ya kufungwa, na anayechelewa hutolewa kwenye njia, hivyo andika saa hizo kwenye karatasi ndogo uibandike kwenye skii au kwenye mkono.

Evertsberg iko kilomita 47 kutoka mwanzo, na baada yake njia hushuka kwa muda mrefu. Mteremko huo unapendeza, lakini miguu imechoka na mifereji imeharibiwa na maelfu waliotangulia. Anza kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, na ukiangukia njiani toka pembeni upesi ili usigongwe na wa nyuma. Kati ya Oxberg na Hökberg kuna milima ya Abborrberget, ambayo si mirefu ukiitazama kwenye ramani lakini hukuta mwili umeisha. Hapo panda kwa hatua fupi na usione haya kutembea. Kutoka Eldris zinabaki kilomita tisa tu, nyingi zikiwa tambarare. Walio nyuma huzimaliza gizani, kwa kuwa mwanzoni mwa Machi usiku huingia karibu saa kumi na mbili jioni, na tochi ndogo ya kichwani hufaa.

Ukivuka mstari Mora, mbele ya lango lenye maneno ya Kiswidi yanayosifu nyayo za mababa na ushindi wa siku zijazo, usikae kufurahia ukiwa umelowa. Mwili uliokuwa ukizalisha joto kwa saa kumi hupoa kwa dakika chache. Chukua mfuko wako wa nguo, badilisha kila kitu hadi soksi, oga, kula chakula cha moto. Kisha yahifadhi matokeo yako, kwa sababu muda huo ndio utakaotumika kukupangia kundi la kuanzia mwaka ujao, na kila kundi unalosogezwa mbele hukupunguzia kusubiri kwenye ule mlima wa kwanza.